Siku yangu moja na faili la .bash_history, Kirumba, Mwanza

Saa 1 asubuhi. Nashuka daladala Kirumba. Soko la Mwaloni limeshachangamka, magunia ya dagaa yanapakiwa, harufu inakufuata hadi ofisini. Chai, chapati mbili, kazi.

Saa 2. Kijana aliyekuwa akisimamia seva zetu ameondoka, nakabidhiwa mimi. Kabla hata ya kuangalia diski, nafungua ~/.bash_history, faili linalohifadhi amri zilizoandikwa kwenye teminali. Nywila ya kanzidata hiyo hapo, imegandana na -p ya mysql, amri ya kuingia kwenye kanzidata. Chini yake, curl, amri ya kutuma maombi mtandaoni, yenye tokeni (ufunguo wa siri) ya malipo ya simu. Hakuna aliyedukuliwa. Bash, programu inayopokea amri za teminali, hukumbuka amri zako, na ukitoka huziandika kwenye faili, basi.

Saa 4. Nabadilisha zote mbili. Mstari naufuta kwa history -d kisha history -w, lakini huo ni usafi tu, maana nakala rudufu ya jana bado inao. Siri ikishaandikwa pale, mimi naihesabu imevuja.

Saa 7 mchana. Ugali kwa sato. Binti aliyeko mafunzoni anauliza, "Kaka, si ningeanza amri na nafasi tupu tu, isiingie kwenye historia?" Inafaa, ikiwa HISTCONTROL, mpangilio wa bash unaoamua amri zipi zihifadhiwe, ni ignorespace au ignoreboth. Ubuntu huja na ignoreboth kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya bash, ya mtumiaji wa kawaida, kwingine usitegemee. Na kidole kitasahau siku una haraka.

Saa 8. Namwonyesha kitu kingine. Teminali moja anaendesha curl yenye tokeni ya majaribio kwenye -H (kichwa cha ombi), nyingine ps aux, inayoorodhesha programu zinazoendeshwa na amri zake nzima. Tokeni ikajitokeza yote. Akaguna. Akajaribu read -rs, inayopokea maandishi bila kuyaonyesha, akaiweka tokeni kwenye kigeu, yaani jina linaloshika thamani: historia ikabaki na $TOKENI tu, ila ps ikaonyesha thamani yenyewe, kwa sababu bash hubadilisha jina kuwa thamani kabla ya kuikabidhi curl. Hapo ndipo alipoacha kubishana.

Saa 9. Nywila inahamia ~/.my.cnf, faili la mipangilio ya mysql, tokeni kwenye faili linalosomwa na curl -K, yote chmod 600, asome na kuandika mwenye faili tu. Faili tunaliandika kwa kihariri cha nano, si kwa echo, maana amri ya echo nayo ingebaki kwenye historia!

Saa 11 jioni. Simu kutoka tawi la Nansio: malipo yanakataliwa.

"Shikamoo mama. Tokeni imebadilika."

"Marahaba. Nitumie WhatsApp basi niibandike."

"Hapana mama, iache kompyuta ikiwaka. Naingia mwenyewe kutoka huku kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali."