Zikri na moyo ukiwepo

Hadithi ya Jibrili inataja ngazi tatu: Uislamu, imani na ihsani. Mawaidha mengi huishia kwenye ya kwanza: hili halali, lile haramu, udhu hubatilika kwa kipi. Kuyajua hayo ni lazima. Lakini ihsani, yaani kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona, haiji kwa kuhifadhi hukumu. Mtu anaweza asivunje sheria hata moja na moyo ukabaki mkavu. Ndiyo maana watu wa tarika, yaani njia za Kisufi, wana nyiradi: zikri za kila siku zenye idadi maalumu.

Uradi wa kawaida wa Shadhiliya, mojawapo ya tarika hizo, asubuhi na jioni, ni istighfari (kuomba msamaha wa Mungu) 100, kumsalia Mtume 100, na la ilaha illa llah 100. Kwa tasbihi ya punje 33, zungusha mara tatu uongeze moja. Bila pupa, zote ni kama dakika 15 hadi 20.

Kazi kubwa iko kwenye tahlili, yaani hiyo la ilaha illa llah. Keti na udhu wako, elekea kibla, fumba macho. "La ilaha" ni kukanusha: kichwa kiende kulia, nawe uachie kila kilichokushika, deni, ugomvi, hata hamu ya kuonekana mcha Mungu (hiyo ndiyo ngumu kuliko zote). "Illa llah" ni kuthibitisha: kichwa kirudi kushoto, neno lishukie moyoni. Kisha nyamaza kidogo kabla ya kurudia. Kimya hicho wengi hukiruka ili wamalize idadi, nacho ndicho mahali hudhuri, yaani moyo kuwepo mbele ya Mungu, inapoanza kuonjeka.

Fikra zikitangatanga, rudi kwenye neno bila kujilaumu; lawama nayo ni fikra nyingine. Usingizi ukija, fumbua macho au katawadhe upya. Jana ukilia, leo usiyatafute machozi, maana utakuwa unaabudu hali yako mwenyewe.

Katika zikri ya pumzi, ile iitwayo kikohozi Zanzibar, kupumua kwa kasi hupunguza mno kaboni dayoksaidi katika damu. Hapo huja kizunguzungu na ganzi midomoni na vidoleni. Wapo wanaoidhania ni jadhba, yaani kuvutwa na Mungu. Ni mwili tu: punguza kasi, itaondoka.

Idadi za maelfu usijipangie mwenyewe. Omba idhini kwa sheikh anayekujua, atakayeona mapema ukianza kukosa usingizi au kukimbia watu wa nyumbani kwako, naye akupunguzie.