Oili ya giaboksi na mzee wa Jinja

Gia namba mbili ilianza kunisumbua mwezi wa kumi na moja. Haikugoma kabisa. Saa kumi na moja alfajiri, natoka kwenda zamu ya ghala, naweka moja inaingia, navuta kwenda mbili, krrr, kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria. Nikifika kipilefti cha tatu (na hapa Uingereza vipilefti havina idadi) inatulia, inaingia kama hakuna kilichotokea. Kesho yake alfajiri, tena.

Gari lenyewe ni Yaris ya 2004. Wa Dar mnaijua kwa jina la Vitz. Ni ileile, sura ileile ya chura aliyeshiba, ila huko zinashuka bandarini kutoka Japani karibu zote ni otomatiki, na hapa Leicester kila ya pili ina klachi. Mimi mwenyewe nililitaka la gia. Leseni yangu ya Tanzania ilinibeba miezi 12 tu, baada ya hapo lazima mtihani wao, na ukifanya mtihani huo kwenye otomatiki wanakupa leseni ya otomatiki peke yake. Baba yangu amepandisha lori la mizigo mlima Kitonga miaka na miaka. Ningemwambiaje kwamba mwanawe kaenda Ulaya akarudi hajui klachi?

Basi nikalipeleka gereji ya karibu, jina naliacha. Kijana wa mapokezi akaniambia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi, ni ya maisha yote ya gari, na kwamba giaboksi yangu imekwisha, ishushwe, pauni 700. Gari nililinunua kwa 900. Nikamshukuru, nikaondoka.

Hii habari ya "oili ya maisha" naomba niisemee kidogo maana wengi inawaponza. Maisha ya nani? Injini ina filta, oili ikichafuka kuna pa kuchujwa. Giaboksi nyingi za mkono hazina filta. Unga wote wa chuma unaosagika kwenye meno ya gia unabaki mle mle, unazunguka, na cha kuudaka ni kisumaku kidogo tu kwenye nati ya chini, tena kama kipo. Meno nayo yanaikatakata oili mpaka inapoteza uzito wake. Gari langu lilikuwa na maili 96,000 na kwenye makaratasi yake yote sikuona hata mahali pamoja palipoandikwa kwamba giaboksi iliwahi kufunguliwa. Oili iliyokuwa mle huenda ilitiwa kiwandani, mimi nikiwa bado nafunga soksi za shule kwa mpira.

Sasa kwa nini gia ya pili, na kwa nini alfajiri? Ndani ya giaboksi kuna ringi za shaba, mafundi wanaziita sinkronaiza. Umeshamwona konda wa daladala akidandia gari lililokwisha kuondoka: anakimbia sambamba nalo kwanza, mwendo ukilingana ndipo anaruka. Kazi ya ringi ni hiyo. Inajisugua kwenye gia mpaka mwendo ulingane, ndipo meno yanaumana kimyakimya. Oili ikiwa nzito kwa baridi, ringi haipati pa kushika, inateleza juu yake. Konda anaruka kabla ya wakati. Ile krrr ndiyo magoti yake kwenye lami.

Nikampigia baba. Akasikiliza, akauliza swali moja: "Una oili namba ngapi humo?" Sijui. "Weka 140. Gia hazitalia tena." Namheshimu mzee wangu, lakini 140 ni oili nzito, ya malori na ya jua la Morogoro. Kwenye nyuzi mbili chini ya sifuri ingekuwa ugali. Kitabu cha gari kinataka 75W-90, na ile 75W ndiyo inayosema habari za baridi.

Kuna herufi nyingine kwenye kopo, GL-4 au GL-5, na hapo ndipo watu wanapopotea kwa kudhani tano ni bora kuliko nne. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya salfa na fosforasi, imetengenezwa kwa ajili ya difu, zile gia za kwenye ekseli, ambako meno yanasagana kwa nguvu sana. Dawa hiyo katika baadhi ya oili inaila shaba polepole, na hata isipoila inaweza kuifanya ringi iteleze kuliko inavyotakiwa. Kitabu changu kinaruhusu zote mbili. Nilinunua GL-4, lita mbili, maana giaboksi hii inameza kama 1.9. Fuata kitabu cha gari lako, usifuate langu. Honda wana oili yao wenyewe, na zipo giaboksi za mkono zinazotumia ileile ya otomatiki.

Jumamosi nikatandika maboksi uani. Nilikuwa na jeki, stendi mbili (vile vyuma vya kushikilia gari likishanyanyuliwa), soketi namba 24 na karai. Nimekua naona mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, wakilala chini ya gari lililoshikwa na jeki na jiwe moja la akiba, wanapiga stori huku miguu tu ndiyo inaonekana. Mimi siingii. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Tena kwa kazi hii gari linatakiwa likae sawasawa kama maji kwenye sinia, mbele na nyuma, la sivyo kipimo cha oili kinakudanganya. Maana yake stendi nne.

Ndipo akatokea jirani. Mzee wa Kihindi, nyumba ya pili, tumesalimiana kwa Kiingereza mwaka mzima: baridi leo, ndiyo baridi. Akasimama kwenye uzio akaniangalia ninavyohangaika, halafu akasema, "Stendi mbili hazitoshi, kijana. Mimi iko na mbili ingine."

Kwa Kiswahili.

Nilikuwa nimepiga magoti, nikabaki hivyohivyo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akacheka mpaka akashika uzio. Kumbe ni mtu wa Jinja, baba yake aliuza spea za malori. Mwaka 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda, na yeye alikuwa na miaka 19. Baraza la jiji la Leicester lililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huku, jiji limejaa. Mzee anasema tangazo lile ndilo lililowajulisha wengi kwamba kuna mji unaitwa Leicester.

Akaleta stendi zake, za chuma kizito, zimeandikwa jina la familia kwa rangi nyeupe, na kiti cha plastiki cha kukalia yeye. Nilikuwa nimeshaliendesha gari robo saa ili oili ipate joto na ishuke na uchafu wake. Tukalinyanyua pembe moja moja, tukaweka mawe kwenye tairi kabla ya kuanza, nikalitikisa kwa bega. Limekaa. Nikaingia chini, nikavisha soketi kwenye nati ya chini.

"Simama. Ya juu umefungua?"

Sijafungua.

"Fungua ya juu kwanza. Ukimwaga halafu ya juu ikakataa, gari unaendesha na nini, na mate?"

Nimetazama video zaidi ya kumi kabla ya siku hiyo. Bila shaka zilisema, ila mimi nilikuwa na haraka ya kuona oili chafu ikitoka. Na nati ya juu, ile ya kujazia iliyo ubavuni, kweli ilikataa. Chuma ndani ya aluminiamu, miaka karibu ishirini ya chumvi inayomwagwa barabarani kila msimu wa baridi. Nikavuta mpaka nikaona nyota. Mzee akanipulizia dawa ya kutu, akasema tunywe chai kwanza, iingie. Tukanywa. Baadaye akaleta kipande cha bomba la chuma urefu wa futi tatu, nikakivisha kwenye mkono wa spana. Soketi iwe ya pembe sita, jamani, si kumi na mbili. Ya kumi na mbili ingeila kona zile na leo ningekuwa naandika habari nyingine. Nikavuta taratibu. Ikalia *tak*, nikadhani nimevunja kitu. Ilikuwa imelegea.

Baada ya hapo ya chini ilikuwa kazi ya dakika moja. Oili ikatoka nyembamba, nyeusi yenye ukijani, na harufu ya yai viza. Ni ile salfa. Nati yenyewe nikaishika kwenye mwanga. Kwenye sumaku palikuwa na kilima cha tope la kijivu, laini kama wanja, kiasi cha ncha ya kidole gumba. Nikalisugua baina ya vidole nikitafuta kigumu. Mzee akatoa mkono, nikampa, naye akasugua, akainusa, akafuta kwenye suruali yake. "Hakuna jino," akasema. Wanja ni kusagika kwa kawaida. Ukikuta vipande vyenye kona, hapo kijana wa pauni 700 ana hoja.

Kujaza ndiyo shughuli. Tundu liko ubavuni, kopo haliinami pale. Nikateremsha mpira wa mita moja na nusu kutoka juu, kwenye injini, nikaweka faneli. Lakini oili kwenye baridi ile ilikuwa inashuka tone, tone. Nikaingia jikoni, nikajaza maji ya moto kwenye beseni, nikatumbukiza makopo mawili. Mke wangu akatazama.

"Hilo ni beseni la kuoshea vyombo."

"Makopo yamefungwa, mama."

"Sikuuliza kama yamefungwa."

Nina deni la beseni. Oili ikalainika, mzee akashika faneli juu, mimi chini. "Bado?" Bado. "Bado?" Bado mzee. "Sasa?" Nikawa natia kidole kwenye tundu kupima, maana inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu au pungufu kidogo, milimita tano hivi, na kidole changu ndicho kilichoziba. Nilipokitoa ikanishukia shingoni, ndani ya kola. Shati lile sijalivaa tena. Limefuliwa mara nne na bado linanuka gereji.

Washa mpya za aluminiamu juu na chini, nati zikafungwa kwa 39 Nm kama kitabu kinavyosema. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukazia, nayo ya mzee. Zote pamoja, oili na washa, hazikufika pauni 30. Sijahesabu beseni.

Oili chafu nikairudisha kwenye makopo yaleyale. Nyumbani ingepakwa kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa. Hapa hakuna mchwa, na ukiimwaga kwenye mtaro una kesi. Kituo cha taka cha halmashauri kina tangi la oili chakavu, unamimina mwenyewe, bure.

Jumatatu alfajiri, moja, mbili. Ikaingia. Siku ya baridi kali kuliko zote ilikwaruza tena kidogo, mara moja, kwa hiyo nadhani ringi ya pili imeshakula umri wake na siku moja itabidi nilipe. Lakini ni mwezi wa nne sasa na ile krrr siisikii.

Nikamtumia baba ujumbe wa sauti kumpa habari, nikamtajia na namba. Akajibu kabla sijafika kazini.

"75? Hayo ni maji, mwanangu. Huyo mzee wa Jinja kanyamaza tu akakuachia?"

Nikamfikishia mzee maneno hayo jioni, nikiwa namrudishia stendi. Akaniambia nimwambie baba kwamba dukani kwao waliuza 140 tu, na malori yote ya Jinja yalikuwa yanalia gia asubuhi. Sasa wana namba za simu. Mimi nimeshatoka kwenye mazungumzo hayo.