Kabichi za Lushoto: mbolea isiteremke na mvua

Kwenye miteremko ya Lushoto, mara nyingi mbolea ipo, ila inaondoka na maji. Panda kwa kukinga mteremko, sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche. Wiki ya tatu baada ya kuhamisha miche, weka CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, kizibo kimoja cha soda kwa kila mche: chimba kishimo upande wa juu wa mteremko, sentimita 10 kutoka shinani, kisha fukia. Ukiweka upande wa chini, mvua humpelekea jirani, naye hatakushukuru. Kingo za matuta ya ngazi zishikwe na majani ya Guatemala, nyasi ndefu za malisho. Ng'ombe wa zizini anayala. Yakate mapema, yakirefuka yanautia kivuli mstari wa karibu, na vichwa vya kabichi havifungi vizuri.