Mama, ulikuwa unalia?

Jana asubuhi, mswaki mdomoni, mwanangu alinikodolea macho kupitia kioo cha bafuni. "Mama, ulikuwa unalia?" Nikamwambia sikulia, ni dawa. Hakuniamini. Alipotoka nikabaki najitazama. Kwenye weupe wa jicho, hasa karibu na pua, kumejaa nyuzi nyekundu nyembamba. Ni wiki ya tatu tangu nianze matone ya presha ya macho, maana ugonjwa wa Bibi umenifikia na mimi.

Kwa mtoto wa Dar macho mekundu ni kilio. Kule kwetu Kwimba, mkoani Mwanza, kwa mwanamke mzee anayelala peke yake, ni kesi nyingine.

Ilikuwa Julai 2014. Nilitumwa kumpeleka Bibi hospitali Mwanza mjini; ugomvi wa Shangazi kuhusu nauli siusimulii. Kipimo cha presha ya macho kilisoma 34 jicho la kushoto, 28 la kulia, na kawaida ni kati ya 10 na 21. Glakoma. Mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umeanza kufa, uoni umeliwa kutokea pembeni, ndiyo maana alikuwa akijigonga milangoni na sisi tukicheka. Akapewa latanoprosti, tone moja kila usiku. Nyumba ya bati na jua la kule vilimtia wasiwasi kwamba joto litaiharibu dawa, akawa anakiviringisha kichupa kwenye nailoni na kukilaza ubavuni mwa mtungi wa maji.

Dawa ile inayafungulia njia maji yaliyomo ndani ya jicho yatoke, presha inashuka. Ila pia inatanua vimishipa vya ule utando unaofunika weupe wa jicho, damu inajaa. Siku ya tano Bibi alikuwa na macho ya mtu aliyekesha kwenye moshi wa kinyesi cha ng'ombe.

Saa tatu usiku. Kakaa kwenye kigoda, kisogo kakilaza magotini kwangu. Simu nimeibana kwa meno, tochi inammulika usoni. Nimevuta kope la chini, tone limetokeza kwenye ncha ya kichupa, linaning'inia. Akafumba macho. Tone likamwangukia shavuni, likafuata makunyanzi mpaka sikioni.

"Bibi, fumbua."

Kimya. Halafu, macho bado kayafumba: "Leo bombani mke wa jirani kamgeuza mtoto wake asinitazame."

Nikacheka. Nasema ukweli, nilicheka. Nikamwambia ni dawa tu hiyo, mishipa imetanuka.

"Sasa mjukuu wangu, nimlipie nauli ya Mwanza akaambiwe na daktari?"

Sikuwa na jibu. Sisi wa kule tumekua tukisikia habari za vikongwe waliokatwa mapanga usiku wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuwapikia watoto na wajukuu miaka yote hiyo. Bibi alininyang'anya kichupa, akarudisha kizibo taratibu, akakikaza kama anafunga chupa ya mafuta ya taa. Dole gumba lilikuwa linamtetemeka. Akauliza kama mlango umefungwa. Nikasema umefungwa. Kisha nikainuka, nikaenda kuutazama tena.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Shangazi akaleta matone ya kung'arisha macho kutoka duka la dawa. Asubuhi yalibana mishipa, macho yakawa kama maziwa, jioni wekundu ukarudi na nyongeza. Tukapanda tena gari la Mwanza, na daktari akambadilishia, akampa timololi. Hapo macho yakatulia, Bibi akaenda bombani na ndoo yake kichwani, anasalimia mpaka wasiotaka kusalimiwa.

Ikaja zamu ya vidole. Asubuhi moja ya baridi anachambua mchele, ncha zikawa nyeupe kama mshumaa, zimekufa ganzi. Tuliporudi kliniki muuguzi akatueleza kwamba tone haliishii jichoni. Jicho lina kitundu kwenye kona ya ndani, tone linapitia hapo, linashuka puani, linaingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Huko linaupunguzia moyo mwendo, na kwa baadhi ya watu linabana mishipa midogo ya vidoleni. Akamfundisha kuibana kona ile kwa kidole dakika mbili tatu baada ya kila tone. Bibi hakuwa na saa. Alibana kwa Salamu Maria kumi, na vidole vikapata nafuu ya kutosha kushika ungo.

Mimi ninachokitafuna ni hiki. Wiki tatu zilizopita, wakati ananiandikia dawa, daktari wangu aliniambia kwamba wekundu wa latanoprosti mara nyingi unapungua wenyewe mtu akishaizoea. Alisema huku anaandika, wala hakuinua kichwa. Na timololi, akasema, usiku nguvu yake ni ndogo. Jicho la kushoto la Bibi lilizimika 2017. Siwezi kusema ndiyo sababu. Alianza kutibiwa akiwa amechelewa, na kuna miezi dawa haikupatikana kabisa. Hata hivyo hesabu hiyo naipiga kila nikilala chali na kichupa mkononi: tungevumilia kidogo. Halafu naukumbuka ule mlango, na sijui "kidogo" ingekuwa usiku ngapi.

Mama kapiga simu kuuliza kama Krismasi tunakwenda. Nikasema tunakuja, nikamweleza na habari ya macho. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Njoo na miwani ya jua," akasema.

Nimeinunua Kariakoo, elfu kumi. Mpaka sasa anayeivaa ni mwanangu.