Siku yangu na wanafunzi wa programu

Saa 11:00 alfajiri nimeshaamka. Natokea Mbagala, foleni ya kuingia mjini naijua, na saa 2:00 maabara lazima iwe wazi. Mtaani wananiita fundi kompyuta, wananiletea simu zilizozima na printa zilizogoma. Mimi ni mwalimu msaidizi: nasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapofanya mazoezi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Saa 2:00 hadi 4:00 ni range, amri inayotoa namba kwa mfululizo. Range ya 5 inaanzia 0 na kuishia 4, darasa zima linaitafuta 5. Tunahesabu kwa sauti, tunaendelea.

Saa 4:30 ni zoezi la stringi, yaani maandishi: fanksheni, kipande cha programu chenye kazi yake, ipokee neno, irudishe idadi ya irabu. "Kilimanjaro" ina irabu 5. Kijana wa safu ya nyuma anapata 0.

"Mwalimu, mashine hii mbovu."

Namwambia ajaribu "embe". Ikaja 1. "Ugali" nayo 1.

"Si unaona? Inabahatisha!"

Kosa nimeshaliona. Return, amri ya kutoa jibu na kutoka kwenye fanksheni, ameiweka ndani ya lupu, sehemu inayorudiwa kwa kila herufi, kwa hiyo fanksheni inatazama herufi ya kwanza, inatoa jibu na kuishia hapo. Kurekebisha ni kubonyeza mara moja tu, lakini kibodi ya mwanafunzi siigusi. Nikampa karatasi na penseli: andika herufi, andika hesabu imefika ngapi, fuata mstari kwa mstari.

Akanuna. Wenzake walikuwa wamemaliza, yeye anachora jedwali kama mtoto wa shule ya msingi. Mikono mingine imeinuliwa, miguu yangu inawaka moto, naye ananitazama nimtajie jibu. Sikumtajia.

"Ukishamaliza K unakwenda wapi?"

"Kwenye i."

"Mstari gani unakupeleka?"

Akaweka penseli kwenye K, akashuka nayo, ikafika kwenye return. Kimya. Akaanza upya. Mara ya tatu akasema, "Aah, hapa nimeshatoka!" Akairudisha return kushoto, ikalingana na for, mstari unaoanzisha lupu, ikawa nje ya lupu. 5. Hakuna mshahara unaonilipa kama sauti ile.

Mchana umeme ukakatika, ukarudi, na tangu hapo saa sikuitazama tena. Ni orodha tu: embe, embe, ndizi. Wanapita ndani yake kwa lupu wakiondoa embe, na embe moja inabaki. Ya kwanza ikiondoka, ya pili inahamia nafasi ya 0, ambayo ndiyo ya mwanzo, wakati lupu imeshakwenda nafasi ya 1. Nimelieleza hilo meza kwa meza mpaka sauti ikakauka. Anayedhani anayekosea hapo hana akili, aje akae nao siku moja.

Usiku nasahihisha. Fanksheni nyingi zinachapisha jibu bila kulirudisha, ukizitumia kwenye hesabu nyingine unakuta None, yaani hakuna kitu. Kesho naanza na hilo, penseli zikiwa mezani kabla kompyuta hazijawashwa.