Chupa ya Pili

Juzi kwenye grupu la familia uliingia ujumbe wa binamu. Baba Mdogo anawekewa goti la bandia mwezi ujao, hospitali inaomba ndugu wa kuchangia damu, watu wawili wanatosha. Haikupita hata dakika, Shangazi akajibu kwa sauti, maana kuandika hapendi: "Wawili wa nini? Nendeni sita! Mmeshasahau ya Mzee?"

Hakuna aliyesahau. Shida ni kwamba kila mtu anakumbuka la kwake.

Mzee alianguka kwenye mlango wa daladala pale Tazara, masika ya 2014. Mnamjua Mzee, kushikwa mkono hataki. Konda alishagonga bodi, gari likasogea, yeye mguu mmoja uko juu na mwingine bado unatafuta lami. Akaangukia ubavu. Picha ikaonyesha mfupa umevunjika pale paja linapokutana na nyonga. Habari za foleni, vipimo na kitanda kilichopatikana usiku wa manane nitaziruka. Mliowahi kuuguza mtu Dar mnazijua.

Alipopokelewa wingi wa damu yake, yaani himoglobini, ulikuwa kumi na moja. Sista akasema upasuaji wa nyonga unavuja damu, kwa hiyo ndugu wajitokeze. Hapo ndipo Shangazi aliposhika usukani. Kesho yake asubuhi alitua kutoka Temeke na kikosi: wanawe, vijana wa gereji ya jirani, na mpangaji wake mmoja ambaye sidhani kama alijua anapelekwa wapi. Aliyekuwa chini ya kilo 50 akarudishwa. Aliyetoka kumeza dawa ya malaria akarudishwa. Mpangaji presha yake ikapanda ghafla, naye akarudishwa. Waliobaki wakatoa, kila mmoja mililita 450, wakapewa soda na biskuti. Binamu yangu, ambaye ni Yanga damu, akamuuliza yule mtaalamu kama ni halali damu yake kuingia kwa Mzee wa Simba. Akajibiwa kwamba haiendi kwa Mzee moja kwa moja. Inaingia benki, inapimwa Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, kisha anapewa mgonjwa yeyote ambaye kundi lake linaoana nayo. Sote tulisikia. Shangazi naye alisikia, ila kichwani mwake zile chupa zilikuwa za kaka yake.

Upasuaji ukafanyika, akawekewa chuma chenye skrubu nene, na humo humo chumba cha upasuaji akaongezewa chupa moja. Hiyo haina ugomvi. Ugomvi ni wa chupa ya pili.

Ilikuwa saa kumi jioni, muda wa kuona wagonjwa. Wadi imejaa, kila kitanda na hotpoti yake, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu imechanganyika na ya mchuzi wa samaki. Shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo sista alishalikataza mara kadhaa, anamlisha Mzee ndizi za nazi kana kwamba aliyevunjika ni mkono. Akaingia daktari kijana, mwembamba, koti limemzidi, karatasi ya maabara mkononi. Hakuanza na maneno. Alivuta kope la chini la Mzee akaangalia wekundu wake. Akamshika mkono, akahesabu mapigo huku macho yako kwenye saa. Kisha akasema, "Mzee wangu, hebu jaribu kukaa."

Mzee akakaa, kwa kuguna.

"Unasikia kizunguzungu?"

"Nikimsikiliza huyu, ndiyo," Mzee akasema, akimwonyesha dada yake kwa kidevu.

"Kifua kinabana? Moyo unakwenda mbio? Pumzi?"

"Pumzi ipo. Nitoeni hapa nirudi kwangu."

Daktari akatabasamu, akamgeukia Shangazi. Alishamtambua mwenye mgonjwa ni nani. "Mama, damu yake leo ni nane nukta tatu. Hatutamwongezea. Tutampa vidonge vya madini chuma, ale vizuri, itapanda yenyewe."

Shangazi akaweka kijiko chini taratibu. Sisi tuliokulia mikononi mwake tunaijua taratibu hiyo.

"Mwanangu, alikuja hapa na kumi na moja. Leo unaniambia nane. Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

"Zimevuja, mama. Nyingine alipovunjika, nyingine tulipompasua."

"Basi mrudishieni. Watoto wangu wametobolewa mikono humu humu. Damu ipo."

"Ipo. Lakini damu ya mtu mwingine ni sawa na kupandikizwa kiungo cha mtu mwingine. Mwili unaipokea, ila unahangaika nayo, na kinga inaweza kulegea. Huyu ana kidonda kibichi na ana chuma ndani. Vijidudu vikishajishika kwenye chuma, kuvitoa ni kazi kubwa. Kama hana dalili za kuihitaji, bora tusimpe."

"Kwa hiyo ya kwetu ina Ukimwi?"

Wadi nzima ikageuka. Hata yule mama wa kitanda cha dirishani, ambaye tangu tufike alikuwa anasali, akasimamisha tasbihi. Daktari masikio yakamwiva.

"Sijasema hivyo, mama. Imepimwa, ni salama. Ninachozungumzia ni kidonda. Ni maambukizi mengine kabisa."

"Sasa kama yeye haipati, mnampa nani?"

Hakumjibu kwa mdomo. Sidhani hata kama alikusudia, lakini macho yake yalikwenda kitanda cha pili kutoka cha Mzee. Alilala pale kijana wa bodaboda, mguu umevutwa na uzito uliofungwa kwa kamba, midomo haina rangi. Juu yake ulining'inia mfuko, damu imekoza karibu na weusi, inashuka tone kwa tone. Hakuwa na hotpoti. Hakuwa na mtu. Shangazi akautazama ule mfuko, nami nikautazama, nikawaza ujinga ambao mngewaza na nyinyi: pengine ile ni Yanga. Nikadhani yamekwisha, kwa sababu Shangazi ni mtu wa kulia hata kwenye tamthilia.

Akasema, kwa sauti iliyoshuka kidogo, "Mungu amponye." Kisha akamrudia daktari. "Na huyu wangu je?"

Yaliyofuata nayaeleza haraka kwa sababu mengine sikuyaona. Daktari kijana alimaliza zamu yake. Shangazi hakurudi Temeke usiku ule. Alizungumza na nani, kwa lugha gani, mpaka leo hasemi, ila asubuhi tulipofika na uji tulikuta mfuko mtupu umetundikwa juu ya Mzee, na dada yake ameketi chini yake kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja. Aliyeidhinisha alikuwa daktari mwingine, mtu mzima. Simshangai sana. Tangu miaka ya 1940 kanuni iliyozoeleka kwa wapasuaji ilikuwa kwamba damu isiachwe chini ya kumi, na kanuni ya umri huo haihami kwenye kichwa cha mtu kwa sababu kijana mmoja amesoma makala mpya.

Kabla hajaruhusiwa, kidonda kikaanza kutoa maji. Maji yakawa usaha, homa ikaja na kutetemeka, Mzee akarudishwa chumba cha upasuaji kuoshwa. Chuma kilinusurika. Yeye alibaki kwenye sindano za antibiotiki wiki baada ya wiki. Yule daktari kijana alikuwa akipita asubuhi, anafunua bandeji, anaangalia, anafunika. Wala hakusema "niliwaambia". Ningemheshimu zaidi, au pungufu, kama angesema, sijaamua.

Nimeyasoma sana mambo haya tangu wakati ule, pengine kuliko inavyomfaa mtu asiye daktari. Utafiti uliotoka 2011, uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliopasuliwa nyonga, wengi wao wazee wenye matatizo ya moyo, ulilinganisha walioongezewa damu kila iliposhuka chini ya kumi na walioachwa mpaka iwe chini ya nane au waonyeshe dalili. Kufa hawakutofautiana, wala katika kuweza kutembea tena. Kwa hiyo ile nane nukta tatu kijana hakuiokota njiani, na kile kizunguzungu alichomuuliza Mzee kilikuwa sehemu ya kipimo. Mwaka 2014 wenyewe, jarida la tiba la Marekani, JAMA, likachapisha uchambuzi wa majaribio kadhaa: wagonjwa waliobaniwa damu walipata maambukizi makubwa machache kuliko waliopewa kwa ukarimu, na tofauti hiyo ilionekana pia kwa waliopasuliwa mifupa. Siku niliposoma hilo nilitaka kumpigia Shangazi simu.

Ila uchambuzi wa 2021 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, wenye majaribio mengi zaidi, haukuona tofauti ya wazi kwenye maambukizi. Halafu zile tafiti nyingine nyingi zisizo za majaribio, zinazoonyesha kwamba walioongezewa damu ndio wenye vidonda vinavyooza, zina kasoro ambayo hata mimi naiona. Anayeongezewa damu ni yule aliyevuja sana, aliyekaa muda mrefu chini ya kisu, aliyekuwa dhaifu tangu mwanzo. Utajuaje kama kilichomponza ni chupa au ni yaliyoileta chupa? Mzee ana kisukari. Alisubiri upasuaji kuliko ilivyostahili. Wadi ilikuwa imejaa, na kila jioni kulikuwa na mtu amekaa ukingoni mwa kitanda chake na sahani ya ndizi. Ukitaka mshtakiwa, foleni ni ndefu, na chupa ya pili imo katikati tu.

Shangazi hana shida hiyo. Kwake yeye, chupa ya pili ndiyo iliyompa Mzee nguvu za kuhimili usaha. "Asingepata ile angekwenda," anasema, na mimi sina Mzee wa pili asiyeongezewa damu wa kumwonyesha.

Kwa Baba Mdogo mambo yamekuwa mengine. Damu yake imepimwa mapema, amepewa vidonge vya madini chuma avimeze mpaka siku ya upasuaji, na ameelezwa kwamba atachomwa asidi ya traneksamiki kupunguza kuvuja. Dawa hiyo ilivumbuliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na taarifa zake zikatoka mwaka 1962. Haihitaji kundi la damu wala mpangaji wa Temeke. Damu wanayoomba ni ya akiba. Nimeyaandika hayo yote kwenye grupu, kwa urefu, na kuongeza kwamba wakienda sita si vibaya, damu haitakosa mtu wa kumwokoa, ila wasitegemee kuiona ikining'inia juu ya Baba Mdogo. Shangazi ameweka kidole gumba. Sijui amekubali sehemu ipi.

Mzee mwenyewe, ukimuuliza, hamlaumu daktari kijana, wala yule mtu mzima, wala dada yake. Anatembea na mkongojo, na kila tukipita Tazara anachungulia milango ya daladala akimtafuta yule konda.