Nilivyojifunza kuediti na efekti kwa laptopu ya GB 4, na kwaya iliyovaa kijani

Mi sijasomea video popote. Mwaka 2019 nilikuwa nashinda kwenye duka la steshenari la anko hapa Mwanza mjini, natoa kopi, nalamineti vitambulisho, nawapiga watu picha za paspoti, na laptopu niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtumba, Core i3, RAM GB 4, betri imeshakufa kitambo yani ukigusa waya tu imezima. Ndo hiyo hiyo niliyojifunzia kuediti na efekti, kwahiyo mtu akiniambia hawezi kuanza mpaka apate mashine ya milioni 3 mi namsikiliza tu.

Nilianza vibaya. Jamaa mmoja alinipa programu ya kuchakachua kwenye flashi, nikaweka, wiki haikuisha mafaili kwenye flashi za wateja yakawa yanageuka shotikati. Anko alinifokea mbele za watu, "we mtoto unataka nifunge duka?", nikapiga windo upya usiku ule ule. Baada ya hapo nikaamua natafuta cha bure kisicho na mashaka, ndo nikakutana na Blender. Watu wengi wanaijua kwa katuni za 3D, ila ndani yake kuna sehemu ya kukata video, kuna ya kutoa kitambaa cha kijani (unamrekodi mtu mbele yake, kompyuta inafuta kijani chote unaweka mandhari nyingine), kuna ya kutraki, yani kufuata doa kwenye video ili ulichobandika kikae hapo hapo, na faili lake la kushusha halikufika hata MB 200.

Sasa nilivyoingia mimi ndo toleo la 2.80 limetoka, mwezi wa saba mwaka huo, na video karibu zote za mafunzo zilikuwa za 2.79. Huko nyuma kuchagua kitu ulikuwa unabonyeza mausi kulia, toleo jipya ni kushoto, batani zimehamishwa, mwalimu anasema bonyeza hapa nami hapo hamna kitu. Karibu wiki mbili nikajiona mjinga kumbe naangalia mafunzo ya programu nyingine. Tangu siku ile kabla sijashusha video naangalia kwanza toleo, baadae ndo mambo mengine.

Kushusha kwenyewe ilikuwa bando la usiku, naweka alamu saa sita, naacha zinashuka kwa 360p mpaka alfajiri, kesho nazitazama dukani kukiwa hamna mteja. Nyingine zilikuwa za Kihindi, neno hata moja sielewi, ila mausi haina lugha, nafuata kimshale kinakwenda wapi. Folda ikafika video mia mbili na kitu. Na nilikuwa najua vitu bwana, nawasha moto mkononi, natoa moshi mdomoni, wadogo zangu wananiita mchawi. Moto ule ni rahisi kuliko unavyodhani, unachukua kipande cha moto uliorekodiwa kwenye giza, unaweka juu ya video yako, kwenye namna za kuchanganya unachagua Screen, basi nyeusi yote inapotea kwasababu kompyuta inajumlisha mwanga na nyeusi ni sifuri, haina cha kuongeza.

Ila nilichokuwa najua ni kurudia tu, na niligundua siku nilipotaka kuandika jina langu lielee ziwani pembeni ya Bismarck Rock, lile jiwe maarufu la hapa Mwanza. Nilirekodi kwa simu, nikaweka pointi za kutraki kwenye maji, nikabonyeza, jina likaondoka zake. Linasafiri kama boya lililokatika kamba. Nikarudia video ile ya mafunzo mara tatu, hatua zote nimefuata, jibu ni lile lile. Ndani ya siku kama mbili ndo akili ikaja, maji yanatembea, na tracker inashika kitu kinachokaa. Nikahamishia pointi kwenye mawe, na mawe ya Mwanza mungu ametupa, yana nyufa, yana mabaka, yana kinyesi cheupe cha ndege, kila doa ni pointi. Likashika palepale. Yule wa kwenye video alikuwa anatraki ukuta wa matofali, hakuwa na sababu ya kunitajia maji.

Hapo nikabadilisha staili, nikaacha kutafuta efekti nikawa natafuta tatizo. Shida ni kwamba tatizo usipolijua jina hulipati. Mfano watu niliokuwa nawarekodi mbele ya kitambaa cha kijani walikuwa wanatoka na ukijani shingoni na kwenye nywele kama wameota ukungu, nimehangaika nao mwezi mzima sijui niandike nini kwenye kutafuta, nilivyokuja kujua wanaita spili, usiku mmoja nikapata kila kitu. Ni mwanga unaogonga kitambaa unarudi kwa mtu, kwahiyo msogeze mtu mbele ya kitambaa mita mbili au tatu, halafu kuna sehemu ya kupunguza kinachobaki. Nikawa na daftari la majina ya matatizo, kurasa za nyuma za kaunta buku ya anko. Lile daftari limenisaidia kuliko folda la video mia mbili.

Sasa kwaya. Mama mchungaji mmoja alikuja kutoa kopi akaona kazi zangu kwenye skrini, akasema wanataka video ya wimbo wao, wameimba wamesimama juu ya maporomoko ya maji, kama kwaya nyingine zote. Tukaelewana laki moja na nusu. Nikanunua kitambaa cha kijani, nikakipiga pasi mwenyewe maana mikunjo ina vivuli na kila kivuli ni kijani kingine, nikakitundika ukumbini. Jumamosi wakaja watu 18. Sare zao, kitenge cha majani ya kijani.

Ningesema pale pale yangeisha. Sikusema. Niliona aibu, nikajipa moyo kwamba kijani cha kitenge ni kingine cha kitambaa ni kingine. Usiku nimefungua, naona maporomoko yanashuka katikati ya vifua vya watu, soprano wote wana matundu. Nikajaribu kuzunguka sare kwa maski, yani kuzichorea mstari kwa mkono zisifutwe, fremu kwa fremu, picha moja moja zinazounda video. Wimbo ulikuwa dakika 4 na sekunde 48, kwa fremu 25 kila sekunde hiyo ni fremu 7,200, na waimbaji ni 18. Usiku tatu nilimaliza sekunde 8.

Nikaenda kwake.

"Mama shikamoo."

"Marahaba baba, video imeiva?"

"Mama naomba mniazime tena Jumamosi moja. Sare zenu zimeliwa na kompyuta."

Alicheka mpaka akakaa. Akasema wanakuja, ila chai ya wanakwaya ni juu yangu.

Mara ya pili nikaenda sokoni Makoroboi nikanunua kitambaa cha bluu, ile ya sketi za shule. Bluu ina tabu yake. Kwenye kamera nyingi, kila pikseli nne (vidoa vinavyounda picha) mbili zinasoma kijani, moja nyekundu moja bluu, ndo maana kijani kinatoka kisafi, bluu inakuwa na chengachenga hasa taa zikiwa hafifu, kwahiyo nikaazima taa mbili zaidi za kumulika kitambaa peke yake. Halafu kulikuwa na mistari inayopanda na kushuka kwenye picha, ilikuwepo hata mara ya kwanza nikadhani simu imeharibika. Hii nayo ililetwa na mafunzo ya nje. Walimu wangu wengi walikuwa Wamarekani, wanasema weka shata 1/60, yani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, kwao sawa umeme wao ni hezi 60, wetu ni hezi 50 na taa za tyubu pale ukumbini zinapepesa kwa mwendo wa umeme wetu. Nikaweka 1/50 na fremu 25, mistari ikakata.

Midomo ikagoma kufuata sauti. Mwanzo wa wimbo iko sawa, ubeti wa tatu watu wanafumba mdomo sauti bado inaendelea. Simu nyingi zinarekodi fremu zisizo sawa hata ukizipangia, mara zinazidi mara zinapungua kutegemea mwanga, kwahiyo kila kipande nilikipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, nayo ya bure, nikalazimisha 25 kamili mwanzo mpaka mwisho.

Kuhusu umeme kukatika, hapa nisikilize kama una laptopu isiyo na betri: ukifika kurenda, yani kompyuta kutoa kazi iliyokamilika, usirenda video moja kwa moja, renda picha, yani kila fremu inakaa kama faili lake la PNG, halafu kwenye sehemu ya kutoa ondoa tiki ya Overwrite. Umeme ukikatika fremu ya 3,100, ukirudi inaruka zile zilizokwishatoka inaendelea na zilizobaki. Mwisho unaziunga na sauti. Zinakula nafasi kweli, mimi niliazima hadi disiki ya nje, lakini ule wimbo ulikatwa na umeme mara nne na sikurudia kitu.

Maporomoko niliyakataa. Mwenyekiti wa kwaya alinuna kidogo, nikamwonyesha mawe yetu niliyorekodi Capri Point saa kumi na moja jioni, kamera kwenye stendi, urefu wa kifua kama niliowarekodia ukumbini, jua upande uleule niliokuwa nimeweka taa. Alikaa kimya akasema haya, ila mawingu yatembee. Nikayatembeza.

Siku ya kuionyesha kanisani mzee mmoja alinishika mkono nje, amenuna kabisa, anauliza mbona kwaya imekwenda ziwani kurekodi na wazee hawakuambiwa. Sikujua nijibu nini, nikasema shikamoo tena.

Ila ukitazama sekunde ya 92, dada wa tatu kutoka kushoto mstari wa mbele, alivaa hereni za bluu. Hereni zina tundu, na ndani ya tundu kuna ziwa. Hamna aliyeniambia mpaka leo na laki na nusu ilishaliwa.